Saa za Kazi na Saa za Nyumbani: Nani Anayelipa?



Kila Jumamosi alfajiri jumuiya zetu ndogo ndogo hukutana nyumba kwa nyumba kusali, kusoma Neno na kuhesabu nani hakufika. Hilo la mwisho pengine tunalifanya kwa bidii kuliko yale mawili ya kwanza. Jina husomwa, kimya hufuata, kisha mtu mmoja husema, "Huyo siku hizi ni kazi tu," nasi tunaendelea na jina linalofuata. Katika vikao vya Tume yetu tuliona vema tusiendelee upesi namna hiyo. Tuliazima daftari za jumuiya chache, tukauliza kwa upole juu ya kila aliyekosekana: saa hiyo yuko wapi?

Majibu hayakuwa ya ajabu. Mlinzi alikuwa bado yupo getini akimngojea mwenzake wa kumpokea zamu, ambaye naye alikuwa kituoni akingojea basi. Muuguzi alikuwa ametoka zamu ya usiku na amelala. Mama muuza duka alikuwa akifungua duka la tajiri wake. Karani mmoja alikuwa ameitwa ofisini kumaliza taarifa ambayo, kwa maelezo yake, ingeweza kabisa kungoja Jumatatu. Hawa wote tuliwaita wavivu wa sala, na sasa twawaomba radhi.

Lakini lilikuwapo kundi jingine ambalo hatukulipata kwenye daftari, kwa sababu halikuandikwa kamwe. Ni mabinti wanaofanya kazi katika nyumba zetu. Hawa hawahesabiwi kuwa hawakufika, maadam hakuna aliyewatazamia wafike. Katika nyumba moja tulikuwa tumeketi sebuleni tukisali kwa ajili ya wanyonge na wanaoonewa, na binti wa nyumba hiyo alipita mbele yetu mara tatu: mara ya kwanza na ndoo, mara ya pili na mtoto mgongoni, mara ya tatu na birika la chai yetu. Hakuna aliyemwambia aketi. Nasi wa Tume tulikuwapo, na hatukumwambia.

Tunaandika haya kwa sababu siku hizi yanazungumzwa mengi juu ya utaratibu wa kazi unaonyumbulika. Maana yake si ngumu. Ni kwamba mwajiri na mfanyakazi wapatane juu ya saa na mahali pa kazi badala ya wote kufungwa na kengele moja: mmoja aingie mapema na kutoka mapema, mwingine akusanye saa zake katika siku chache, mwingine afanyie nyumbani sehemu ya kazi inayoruhusu hivyo, wengine wabadilishane zamu, ilimradi kazi ifanyike na ifanyike vema. Shabaha ni mtu apate riziki bila kupoteza nyumba aliyokuwa akiitafutia riziki hiyo. Shabaha hiyo twaiunga mkono kwa moyo wote. Hata hivyo tuna swali ambalo hatujalisikia likiulizwa kwenye semina, nalo ndilo lililotufanya tushike kalamu: saa anazorudishiwa mfanyakazi mmoja zinatoka wapi, na zikishafika nyumbani zinamfikia nani?

Kwanza tuondoe fikra kwamba jambo lenyewe haliwezekani katika nchi yetu. Mwezi wa Januari mwaka 2025, wakuu wa nchi za Afrika walipokutana Dar es Salaam kuzungumzia nishati, watumishi wa umma wa jiji hilo waliagizwa kufanyia kazi zao nyumbani kwa siku mbili ili barabara ziwe nyeupe kwa ajili ya wageni. Jambo ambalo mama mwenye mtoto mchanga huambiwa kuwa haliwezekani liliwezekana kwa tangazo moja. Hatulaumu, wageni wanastahili heshima. Twauliza tu kama mtoto mchanga si mgeni.

Tumfikirie mama huyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, ambayo inatumika Tanzania Bara, inampa likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au siku 100 akijifungua mapacha. Akirudi kazini, sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri amruhusu kumnyonyesha mtoto wake katika saa za kazi, kwa muda usiozidi saa 2 kwa siku. Ni kifungu chema. Lakini mama wa Chanika au Mbagala anayefanya kazi katikati ya jiji atatumia saa hizo 2 zote ndani ya daladala, na atakapofika nyumbani itakuwa tayari zimekwisha. Mtoto yuko upande mmoja wa jiji, ziwa liko upande mwingine, na haki imesimama kituoni. Kumbe angeruhusiwa kuondoka saa 2 kabla ya wenzake, au kufika saa 2 baada yao, haki hiyo ingekuwa maziwa. Hapo ndipo neno kunyumbulika linapopata maana. Haliongezi haki nyingine juu ya zile zilizoandikwa. Linazipa miguu zile zilizokwisha andikwa.

Tumezungumza na akina mama kadhaa wa WAWATA juu ya kifungu hicho. Wengi hawakukijua. Waliokijua hawakuwahi kukidai, na sababu waliyoitoa ni ile ile: anayeomba ruhusa huonekana hana moyo wa kazi, na majina ya wasio na moyo wa kazi hukumbukwa siku ya kupunguza watu. Kwa hiyo twasema wazi kwamba jambo hili lisiachwe kuwa hisani ya bosi mwema kwa mama mmoja anayependeza. Liandikwe, liwe la wote, na liombwe na wote kwa pamoja kupitia chama chao cha wafanyakazi pale kilipo. Ruhusa inayotolewa kwa kunong'onezwa hufutwa kwa kunong'onezwa.

Sheria yenyewe imeacha nafasi ya mapatano, jambo ambalo waajiri na waajiriwa wengi hawalifahamu. Saa za kawaida zisizidi 45 kwa juma, wala siku 6, wala saa 9 kwa siku. Saa za ziada zifanywe kwa makubaliano, zisizidi 50 katika majuma manne, nazo zilipwe mara moja na nusu. Kati ya siku moja ya kazi na nyingine yapite mapumziko ya saa 12, na kila juma yapatikane mapumziko ya saa 24 mfululizo. Kisha sheria inaruhusu watu wapatane kwa maandishi kuibana wiki, yaani kufanya kazi hadi saa 12 kwa siku, muda wa kula ukihesabiwa ndani yake, lakini kwa siku zisizozidi 5 katika juma. Kwa fundi anayeishi mbali, kubana wiki namna hiyo ni kuokoa nauli ya siku nzima na kupata siku ya kukaa na wanawe. Kwa mwajiri mjanja, ni mlango wa kupata saa 12 kila siku, siku 6 au 7, na kusema kwamba ni zamu.

Na hapo yatupasa kukumbushana kwamba kunyumbulika kuna pande mbili, kama ulivyo upinde: inategemea nani ameshika kamba. Wazee wetu waliofanya kazi katika mashamba ya mkonge kule Tanga walikijua kipande, ile kadi yenye nafasi za siku 30. Mtu hakulazimika kuzijaza siku hizo mfululizo. Alipotaka kupalilia shamba lake alipalilia, alipofiwa alizika, kisha alirudi kuendelea na kadi yake. Na kazi ya siku ilipimwa kwa kiasi cha majani ya mkonge aliyokata. Aliyemaliza mapema aliondoka mapema. Ukiusikia utaratibu huo leo ukisomwa katika ukumbi wa hoteli, utadhani umevumbuliwa juzi.

Lakini mshahara wa kipande ulikuwa mdogo, nao uliweza kubaki mdogo kwa sababu mke na watoto walikuwa kijijini wakijilisha kwa jembe lao wenyewe. Mwenye shamba la mkonge alimlipa mtu mmoja, na mke ambaye hakulipwa na yeyote ndiye aliyeziba pengo. Hali kadhalika katika bandari ya Mombasa na ya Dar es Salaam, kibarua wa siku aliweza kuchagua siku ya kwenda na siku ya kukaa. Lakini siku asiyoitwa hakula, na siku aliyovunjika mguu hakuwa mfanyakazi wa mtu yeyote. Wapagazi wa bandari hizo mbili waligoma mwaka 1939, na tena mwaka 1947, ingawa walikuwa na uhuru mwingi wa kuchagua siku. Kwa hiyo mtu akija na mkataba mpya unaosema kwamba utafanya kazi saa uipendayo, usome hadi mwisho uone kama umeandikwa pia utalipwa nini siku isiyo na kazi, na nani atakayekutibu. Vijana wetu wengi wanaobeba mizigo na abiria kwa pikipiki wanaambiwa wanajitawala. Wanajitawala kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 5 usiku.

Tena kuna kunyumbulika kunakoingia nyumbani kupitia simu. Zamani kazi ilikaa ofisini, na ufunguo wa ofisi ulikaa kwa mlinzi. Sasa kikundi cha kazi katika WhatsApp kinaamka kabla ya jogoo na hakilali, na baba aliyeketi mezani na wanawe yuko mezani kwa mwili tu. Mkuu wa kazi aandikapo saa 4 usiku, "Ukipata nafasi," walio chini yake husoma, "Sasa hivi." Hatudhani kwamba wakuu hao wote wana nia mbaya. Wengi wao wameandikiwa vivyo hivyo na wakuu wao. Lakini yale mapumziko ya saa 12 hayakutajwa kwa ajili ya miguu peke yake.

Mafundisho ya Kanisa katika jambo hili ni ya siku nyingi. Papa Leo XIII aliandika mwaka 1891, katika barua yake Rerum Novarum, kwamba saa za kazi zipimwe kwa nguvu za mtu na kwamba pumziko la Jumapili si fadhila ya tajiri. Papa Yohane Paulo II, ambaye ujanani mwake wakati wa vita alipasua mawe katika machimbo na kufanya kazi katika kiwanda cha kemikali, aliandika mwaka 1981 katika Laborem Exercens kwamba mpango mzima wa kazi hauna budi kurekebishwa ili uheshimu mahitaji ya mtu na ya maisha yake ya nyumbani. Tuangalie mpangilio wa maneno hayo. Kinachotakiwa kurekebishwa ni kazi. Sisi tumezoea kuirekebisha nyumba: tumeamsha watoto saa 10 alfajiri ili wawahi basi la shule, tumeahirisha misiba, tumehamishia ubatizo siku ambayo baba hayupo zamu, na yote hayo tumeyaita maisha ya mjini.

Sasa tunafika penye uchungu. Mama yule wa Chanika anapotoka nyumbani gizani na kurudi gizani, nyumba haisimami yenyewe. Imesimamishwa na binti. Ndiye anayeamka wa kwanza kuwasha jiko na kuwaandaa wa shule, ndiye anayelala wa mwisho baada ya baba kula, na kati ya hapo kuna maji, nguo, sokoni, mtoto mdogo na mgonjwa akiwapo. Tuchukue kwamba katika siku yake anafanya kazi saa 15, na hapo tumemtolea usingizi na dakika za kupumua. Basi Jumatano usiku amekwisha timiza zile saa 45 za sheria. Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi na Jumapili ni za bure. Na asitokee mtu akasema kwamba sheria hiyo haimhusu, kwa sababu huyo anakula na kulala kwetu kama mtoto wetu. Sheria ya mwaka 2004 haikuwatoa wafanyakazi wa nyumbani. Inawahusu kama inavyomhusu karani wa benki, na inamtaka mwajiri aandike masharti ya kazi, zikiwamo saa. Mkataba Na. 189 uliopitishwa Geneva mwaka 2011 na Shirika la Kazi Duniani unataja mapumziko yasiyopungua saa 24 mfululizo kila juma kwa mfanyakazi wa nyumbani. Na muda mrefu kabla ya Geneva, amri ya Sabato katika Kumbukumbu la Torati ilimtaja mjakazi kwa jina la kazi yake, na ikaeleza sababu: apumzike kama wewe.

Kwa hiyo pana mnyororo. Mwajiri mkubwa anachukua saa za mama, naye mama, asiye na mahali pengine pa kuzipata, anazichukua za binti. Binti naye anazichukua kwenye ujana wake; na akiwa ana mtoto, kama wanavyo baadhi yao, anazichukua kwa mtoto aliyemwacha kijijini kwa bibi. Hatumlaumu mama peke yake. Yeye mwenyewe ameibiwa. Lakini aliyeibiwa hapati ruhusa ya kuiba.

Tulikutana na mama mmoja ambaye ofisi yake ilimkubalia kufanyia kazi nyumbani siku mbili kila juma. Alitueleza kwa furaha jinsi mambo yalivyobadilika: anawaona watoto wakirudi shuleni, shinikizo la damu limeshuka, na hata ugomvi na mumewe umepungua. Tulifurahi pamoja naye. Kisha mmoja wetu akamwuliza, "Na binti wa hapo nyumbani, kwake yeye kumebadilika nini?" Mama alifikiri kwa muda mrefu. Akajibu kwa unyofu ambao hatutausahau kwamba siku hizo mbili kazi ya binti imeongezeka, kwani sasa kuna chai ya saa 4 na chakula cha mchana cha mtu mzima, na watoto wanatakiwa wanyamaze mama akiwa kwenye kikao cha simu. Jibu hilo lina mafundisho kuliko semina nyingi tulizohudhuria. Saa zilirudi nyumbani, zikaishia sebuleni, hazikufika jikoni.

Maoni yetu ni kwamba mtu aliyepata nafuu ya saa kwa mwajiri wake ana deni la saa kwa anayemtumikia. Ukirudi saa 10 badala ya saa 2 usiku, binti amalize kazi saa 12 jioni. Kuanzia Jumamosi jioni hadi Jumapili jioni saa zake ziwe zake, aende Misa anayoitaka, na si ile ya kwanza peke yake kwa sababu ndiyo isiyovuruga chakula cha mchana. Akitaka kulala, alale. Mtoto wa miaka 10 aweza kuosha sahani yake. Baba naye aweza kuchota maji bila heshima yake kumwagika. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikwisha kukiri kwamba mwanamke wa kijijini aliweza kufanya kazi saa 12 na hata 14 kwa siku, Jumapili na sikukuu pia, na likawakemea wanaume wa huko kwa uvivu. Tangu hapo wengi wetu tumehamia mjini, na hatuna hakika kwamba kemeo hilo tuliliacha kijijini. Baba anayetoka kazini saa 9:30 alasiri na kufika nyumbani saa 3 usiku kwa kupitia kijiweni asitafute uwiano wa kazi na maisha kwa mwajiri wake.

Wako watakaosema kwamba haya ni ya ofisi za serikali na mashirika makubwa, nasi tuna duka dogo lenye wafanyakazi wawili. Ni kweli, huwezi kuuza sukari ukiwa nyumbani, wala muuguzi hawezi kumchoma sindano mgonjwa kwa simu. Lakini tulipowauliza wauguzi wanachokitaka, hawakuomba makubwa. Waliomba orodha ya zamu ibandikwe majuma mawili kabla, ili mtu ajue kama atakuwapo kwenye kipaimara cha mwanawe. Na waruhusiwe kubadilishana zamu wenyewe kwa wenyewe bila kuitwa wakorofi. Gharama yake ni karatasi moja na gundi kidogo. Mwenye duka naye aweza kuwapatanisha wafanyakazi wake wawili, mmoja afungue na mwingine afunge. Pale ambapo gharama ipo kweli, na ipo, isemwe wazi na igawanywe. Kinachotuudhi ni gharama kumwangukia kimya kimya yule asiyeweza kukataa.

Na sisi wenyewe? Parokia ni mwajiri. Ina mpishi, ina mlinzi, ina mwalimu wa chekechea, ina katekista. Katika parokia moja tuliyoitembelea, ambayo hatuitaji kwa sababu wengi wenu mtadhani ni yenu, mlinzi anaingia saa 12 jioni na kutoka saa 12 asubuhi, usiku sita kwa juma. Hizo ni saa 72. Hana muda wa kula, kwani hakuna wa kumwachia geti. Sheria inataka saa za usiku ziongezewe angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi; mweka hazina, mtu mwaminifu sana, hakuwahi kusikia habari hiyo. Jumapili mlinzi huyo hubaki kwenye Misa ya kwanza baada ya zamu yake, na husinzia tangu somo la kwanza hadi matangazo. Wazee wa kanisa walituonyesha kwa vidole, wakicheka. Tulicheka pia, hadi tulipokaa chini tukapiga hesabu.

Hata ratiba zetu za utume zatazamwe. Tunahubiri juu ya familia, kisha tunaita kikao cha Halmashauri ya Walei Jumapili saa 8 mchana, kinaanza saa 9 na kuisha usiku. Kwaya inafanya mazoezi siku nne kwa juma kabla ya sikukuu. Yapo majuma ambayo Mkristo mwema haonani na wanawe kwa sababu ya wema wake.

Katika parokia ile ya mlinzi, mjadala ulikuwa mkali. Wengine walisema sadaka haitoshi, na walisema kweli. Wengine walisema mlinzi mwenyewe hajalalamika, na hilo lilimkasirisha paroko kuliko yote. Mwishowe Halmashauri ilikubali kuajiri mlinzi wa pili kwa miezi sita ya majaribio, kwa fedha zilizotengwa kupaka rangi mnara. Usiku sasa unagawanywa baina ya watu wawili, mkataba umeandikwa, na kila mmoja anayo nakala yake. Mnara bado haujapakwa rangi, na wako wanaonung'unika.

Wenyeviti wa jumuiya wanaombwa, wakati wa kufungua daftari mpya za mwaka, waandike majina ya watu wote wanaolala katika kila nyumba, siyo ya wenye nyumba tu. Binti akiandikwa, aulizwe mwenyewe jina lake kamili na parokia alikobatizwa, asijibiwe na mama mwenye nyumba. Kama hawezi kufika saa ambayo jumuiya inasali, jumuiya ijadili kubadili saa. Tume itapita baada ya Pasaka kuziangalia daftari hizo.